Chanya si Shari, Hasi si Heri

Lugha yetu ni mwenyeji mkarimu. Maneno ya wageni huyapokea, huyakalisha barazani, na baada ya siku mbili huyapa jembe. Maneno mawili ninayokusudia kuyazungumza hapa, chanya na hasi, tuliyapokea kwanza katika vitabu vya hisabati na fizikia. Huko yalikuwa hayamdhuru mtu: namba hasi ilikaa chini ya sifuri, na betri ilikuwa na ncha chanya na ncha hasi, basi. Baadaye yakaingia katika hotuba na magazeti, na humo yakapewa hukumu. Mtazamo chanya ukawa wa kusifiwa, fikra hasi zikawa za kukemewa. Kisha likaja janga la UKIMWI, hukumu ikapinduka. Aliyeambiwa chanya alitoka chumba cha vipimo akilia, na aliyeambiwa hasi alitoka akimshukuru Mola wake.

Sasa maneno hayo yameingia katika karatasi za saratani ya ziwa, na humo hukumu zote mbili hazifai kitu. Nayaandika haya kwa sababu nimeziona nyumba mbili za mtaa mmoja zikizisoma karatasi zao kinyume. Moja ililia kilio cha msiba ilhali karatasi yake ilikuwa na matumaini mengi. Nyingine iligawa tende na halua ilhali karatasi yake ilikuwa ikiwahimiza wafanye haraka.

Mimi si tabibu. Shule niliiacha mapema, na Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyokwisha jalada, nikifukua mashairi ya wenzetu neno kwa neno mpaka yakaanza kunijibu. Kazi yangu ni kutunga na kufasiri. Lakini mtaani petu mfasiri hachagui: anayeweza kufasiri shairi huletewa pia hati ya kiwanja, barua ya ubalozi na karatasi ya hospitali. Kwa hiyo dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, alipopata majibu ya kinyama kilichotolewa katika ziwa lake la kushoto, karatasi ilikuja kwangu.

Ilikuja kwa kuchelewa na kwa haya. Mila zetu hazimpi ndugu wa kiume nafasi ya kulitaja ziwa la dada yake, na nadhani bila ya karatasi ile tungelikufa sote wawili bila ya kulitaja. Mpwa wangu alikwisha kuisoma nyumbani, akaliona neno la Kiingereza la chanya mara mbili, na nyumba nzima ikaangua kilio. Dada akaniwekea bahasha mezani, akageuza uso dirishani, akasema, "Nambie kweli, mdogo wangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Niliisoma, kisha nikaomba siku mbili. Kwa siku mbili hizo, na kwa miezi iliyofuata, nilisoma kila nilichoweza kukipata na nikawauliza madaktari wawili wenye subira. Niliyojifunza ndiyo haya.

Kinyama kikitolewa hutiwa katika formalini, kisha hugandishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba mno. Vipande hivyo hutiwa kingamwili zilizotengenezwa ili kila moja ishikamane na protini moja tu, na penye protini ile patokee rangi ya hudhurungi. Mwanapatholojia huangalia kwa hadubini, akahesabu ni seli ngapi zimeshika rangi na zimeishika kwa nguvu gani. Chanya maana yake rangi imeonekana, protini ipo. Hasi maana yake rangi haikuonekana, protini haipo. Hakuna zaidi ya hayo. Swali la kama ugonjwa upo au haupo lilikwisha kujibiwa juu ya karatasi, katika mstari wa kwanza.

Protini mbili za mwanzo ni vipokezi vya homoni: cha estrojeni na cha projesteroni. Habari yake ni ndefu. Mnamo mwaka 1896, George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba alimtoa ovari mwanamke mwenye saratani ya ziwa iliyokwisha enea, na uvimbe ukanywea. Wazo hilo lilimjia katika kuchunguza mambo ya unyonyeshaji, alipojua kwamba wafugaji wa nchi fulani huwatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yao yasikatike. Beatson aliona kwamba ziwa na ovari vinasemezana ingawa viko mbalimbali. Hakujua vinasemezana kwa njia gani, wala kwa nini wagonjwa wengine waliofanyiwa vile vile hawakupata nafuu. Jibu lilipatikana baada ya miaka sitini, Elwood Jensen wa Chicago alipoitia estrojeni alama ya mnururisho na kuifuatilia mwilini. Aliona kuwa baadhi ya seli huidaka na kuishika, nyingine huiacha ipite. Zinazoidaka zina kipokezi.

Basi chanya katika mstari ule ina maana hii: ugonjwa huu una sikio, na sikio lake linasikiliza homoni. Chenye sikio chaweza kuzibwa sikio. Dawa ya kuliziba ilitengenezwa mwaka 1962 na Dora Richardson katika maabara za kampuni ya ICI huko Cheshire, Uingereza, na iliyotafutwa hasa ilikuwa dawa ya kuzuia mimba. Ndiyo tamoksifeni. Mwaka 2011 ulitolewa uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio ya nchi nyingi, ukaonyesha kwamba kwa wanawake wenye saratani ya mapema yenye kipokezi cha estrojeni, kumeza dawa hiyo kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya ziwa kwa takriban theluthi moja katika miaka kumi na mitano. Kwa wasio na kipokezi haikuleta faida. Karatasi ya dada yangu ilisema estrojeni asilimia 90, projesteroni asilimia 60. Mpwa wangu alikuwa ameililia habari njema kuliko zote zilizokuwamo.

Mstari mwengine ulinichekesha kidogo pamoja na uzito wa siku ile. Uliandikwa Ki-67. Sisi wenye ngeli za maneno tukiliona "ki" mbele ya neno hudhani ni udogo: kijiti, kijumba. Kumbe ni mji wa Kiel, Ujerumani, ambako protini hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1983, na 67 ni namba ya kitundu cha sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ilipatikana. Protini hii huonekana katika seli iliyo katika shughuli ya kujigawa, na hutoweka seli ikipumzika. Asilimia yake ikiwa ndogo, ugonjwa unakwenda mwendo wa polepole. Ikiwa kubwa, unakimbia. Ya dada ilikuwa asilimia 12.

Mstari wa HER2 ndio ulionifundisha zaidi, mimi mfasiri. Kila seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni ya HER2. Katika takriban saratani 15 hadi 20 za ziwa kwa kila 100, nakala hizo huwa zimezidi, na protini yake hujaa juu ya seli ikiihimiza ikue, ikue. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba wanawake wenye nakala zilizozidi walirudiwa na ugonjwa mapema na walifariki mapema. Kwa hiyo wakati ule chanya ya HER2 ilikuwa habari mbaya tupu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumabu, ambayo ni kingamwili inayokwenda kuishika protini hiyo hiyo, kwa wagonjwa ambao saratani yao imekwisha enea. Mwaka 2005 yakatoka majibu ya majaribio kwa wenye saratani ya mapema: ikiongezwa trastuzumabu katika tiba yao, hatari ya ugonjwa kurudi hupungua kwa karibu nusu.

Liangalie neno hilo, msomaji. Ni protini ile ile, rangi ile ile ya hudhurungi, chanya ile ile. Lakini katika muda usiozidi miaka ishirini maana yake ilibadilika kwa sababu limepatikana jibu lake. Sisi watu wa mashairi tunajua kuwa maana ya neno haikai ndani ya neno peke yake, hukaa pia katika anayejibu. Sikutazamia kulikuta jambo hilo katika karatasi ya maabara.

Kwa dada mstari huo haukusema chanya wala hasi. Vipimo vya HER2 huandikwa kwa daraja: sifuri, moja, mbili, tatu. Tatu ni chanya, sifuri na moja ni hasi. Mbili ni shaka, na shaka hiyo haiondoki ila kwa kuhesabu nakala zenyewe za jeni. Yake ilikuwa mbili. Ikabidi kipande cha nta kivuke bahari kwenda kupimwa kwengine, nasi tukangoja wiki tano. Sijapata kungoja neno la mtu yeyote kama nilivyolingoja lile. Jibu likaja: nakala hazikuzidi.

Katika kungoja kule ndipo jirani yetu mmoja, ambaye namwita shangazi kwa ujirani wa zamani, alipokuja na karatasi ya binti yake wa miaka 34. Alikuja na furaha. Estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi. Kijana mmoja wa kwao alikwisha kuwafasiria kuwa hasi tatu ni kutakasika mara tatu, na tende na halua zikagawiwa. Sasa walitaka nithibitishe tu, kwani binti alikuwa ameandikiwa kuanza tibakemikali Jumatatu, na baba yake aliona hakuna haja ya kumtia binti sumu ikiwa hana kitu.

Nilizingatia sana namna ya kusema. Nikamwambia, "Shangazi, karatasi haisemi kwamba maradhi hayapo. Maradhi yapo, yameandikwa hapa juu. Huku chini wanasema kwamba maradhi haya hayana yale masikio matatu wanayoyajua, kwa hiyo vidonge vya homoni havitayafaa wala ile dawa ya HER2. Lakini tibakemikali yanaisikia, na mara nyingi huisikia sana. Ndiyo maana wamemwandikia, na ndiyo maana wamesema Jumatatu." Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo tusingoje?" Nikamjibu, "Msingoje." Jumatatu binti alipanda boti ya asubuhi.

Baada ya nyumba zile mbili nilianza kulitafutia Kiswahili neno ambalo madaktari wote wawili walilitumia mara nyingi, "prognosis". Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kujua kabla. Kamusi zetu hutupa ubashiri na utabiri. Bashiri tumeipata kwa Waarabu, na kwao hasa ni kuleta habari njema. Ndiyo maana tuna watoto wanaoitwa Bashiri na Bishara. Siku hizi vijana wetu hubashiri mechi na kuweka fedha. Neno lenye furaha upande mmoja na kamari upande wa pili sikuona kama lifae kuelezea maisha ya dada yangu. Tabiri nayo ni ya Waarabu, na kwao ni kueleza, hasa kufasiri ndoto. Kwa hiyo mtabiri ni ndugu yake mfasiri. Sisi tumempa kazi ya kutueleza hali ya hewa, na kwa hapo naona tumefanya vyema. Mvuvi akisikia kwamba huenda kukavuma upepo mkali mlango wa bahari, haoni kuwa amehukumiwa kuzama. Huangalia tanga lake, hutazama kama ana wasaa wa kurudi. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee, lakini hawakusema kuwa wingu ni mvua.

Hata hivyo neno nililolichagua mimi ni mwelekeo wa ugonjwa, kwa kuwa mwelekeo waweza kugeuzwa.

Dada hakuridhika na mwelekeo. Alitaka namba. Madaktari wanazo namba, na Waingereza wa Cambridge wamezitengenezea kikokotoo kiitwacho PREDICT, kilichochapishwa mwaka 2010. Hukiingizia umri, ukubwa wa uvimbe, daraja lake, idadi ya tezi za kwapani zilizoingiwa, na alama hizi za protini, nacho hukwambia katika wanawake mia wa namna hiyo wangapi watakuwa hai baada ya miaka kadhaa kwa tiba hii au ile. Uvimbe wa dada ulikuwa sentimita 1.7, na tezi zake zilikuwa safi. Nikamweleza kuwa katika kundi lake wengi sana huishi. Nikamweleza pia lile ambalo ningelipenda kulificha: saratani yenye kipokezi cha homoni ina subira ndefu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata wanawake waliomaliza miaka mitano ya dawa za homoni wakiwa salama. Hata katika wale wenye uvimbe mdogo na tezi safi, takriban 13 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa sehemu nyengine za mwili kati ya mwaka wa tano na wa ishirini. Hasi tatu kinyume chake: tufani yake huwa kali miaka mitatu minne ya mwanzo, na aliyevuka mitano hatari yake hupungua sana.

"Na mimi nimo katika wale 13 au katika wale 87?" aliuliza.

Hapo kila namba hunyamaza. Namba inajua habari za mia, habari za mmoja haizijui. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Umri anaujua Aliyeutoa. Mimi nilitaka kujua nini la kufanya, na hilo umenambia: kidonge kila siku." Nilijiona nimefundishwa. Nilikuwa nimeichukulia karatasi ile kuwa habari ya yatakayokuja. Yeye aliisoma kama agizo la leo.

Naye alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, kwa sababu namba zile za Cambridge zimetokana na wanawake wa Uingereza, waliofanyiwa upasuaji kwa wakati, wakapata mionzi na dawa zao bila ya kukatika. Mwanamke mwenye alama zile zile, sentimita zile zile, lakini nauli ya boti imemshinda, au duka la dawa limeishiwa mwezi mzima, hayumo katika hesabu hiyo. Trastuzumabu iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Hata hivyo kwa mgonjwa asiyeweza kuipata, chanya ya HER2 inarudi kuwa na maana ile ya mwaka 1987. Hata rangi yenyewe ya hudhurungi hutegemea mikono ya watu: kinyama kikichelewa kutiwa katika formalini zaidi ya saa moja, au kikakaa humo muda mfupi mno au mrefu mno, protini huweza kuharibika, na kilichokuwepo kikaandikwa hakipo. Mwanamke huyo atanyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemfaa, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo ninapoulizwa mwelekeo wa ugonjwa unakaa wapi, jibu langu ni kwamba sehemu yake imo ndani ya seli, katika protini zinazohesabiwa kwa hadubini. Sehemu nyengine imo katika chupa ya formalini, katika boti, katika duka la dawa, na katika ulimi wa anayeifasiri karatasi nyumbani. Sehemu ya kwanza hatukuichagua. Hizo nyengine ni za watu, na moja katika hizo ni kazi yetu sisi tunaoshughulika na maneno.

Nawapendekezea wenzangu, na madaktari wakipenda, tuachane na chanya na hasi katika karatasi hizi tunapozisoma kwa sauti mbele ya mgonjwa. Tuseme kipokezi kipo, kipokezi hakipo. Kisha, kabla ya mtu kulia au kugawa halua, tuongeze sentensi ya pili: kwa kuwa kipo, dawa yako ni hii. Kwa kuwa hakipo, dawa yako ni ile. Bila ya sentensi hiyo ya pili tafsiri haijakamilika, hata maneno yote yawe sahihi. Mficha maradhi, walisema, kifo humuumbua. Mwenye kuyafasiri nusu naye huyaficha.

Dada yangu yumo katika mwaka wa tatu wa vidonge vyake. Analalamikia joto la usiku na magoti, na bado hapendi kulitaja ziwa mbele yangu. Binti wa shangazi alipoteza nywele zote, zimeota tena, laini kuliko za mwanzo. Ameanza mwaka wa tatu naye. Kila mmoja anahesabu miaka yake kwa hesabu yake: huyu anasubiri mitano ipite, yule ameambiwa asiache kuangaliwa hata baada ya mitano. Hesabu zote mbili wamezifahamu kwa Kiswahili.